Njia ya Pembe na Mateka: Kutoka Patiko hadi Kafia Kingi

Ukitoka mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, ukashika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini zaidi, baada ya kilomita kama 30 utafika Patiko. Miamba mikubwa imeinuka juu ya tambarare ya nyasi, na kati yake kuna mabaki ya kuta za mawe na handaki la ulinzi. Wenyeji huonyesha mahali walipokusanywa mateka kabla ya kupelekwa Gondokoro, bandari ya Mto Nile, na kupakiwa mashuani: wenye nguvu wakatengwa huku, wagonjwa kule. Siku hizi mahali hapo hujulikana kama Ngome ya Baker, kwa jina la Samuel Baker, Mwingereza aliyepiga kambi hapo mwaka 1872. Lakini Baker hakuwa wa kwanza. Aliwakuta wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum wamekwisha kujichimbia, akawafukuza, akakaa yeye.

Miaka 140 baadaye, tarehe 5 Machi 2012, shirika la Invisible Children la San Diego, Marekani, lilitoa mtandaoni filamu ya dakika 30 hivi iliyoitwa KONY 2012. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi: Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ni mhalifu; akijulikana na kila mtu, serikali ya Marekani haitathubutu kuwaondoa wanajeshi wake wanaosaidia kumsaka; na kabla mwaka haujaisha atakuwa amekamatwa. Kony alizaliwa Odek, katika nchi hiyo hiyo ya Waacholi. Kwa hiyo wale vijana wa California, kwa kujua au kwa kutojua, walikuwa wanakanyaga njia ya zamani sana. Nataka tuifuate njia hiyo tokea mwanzo, tuone wapita njia waliotangulia walifika wapi.

Tuanze na Baker. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimpa kazi ya miaka minne kwa malipo ya pauni 10,000 kila mwaka, jeshi la watu zaidi ya 1,600, na meli za mvuke. Barua ya uteuzi ilimtaka akomeshe biashara ya watumwa, na hapo hapo aitwae nchi yote ya Nile ya Juu iwe mali ya Misri. Mambo hayo mawili yaliandikwa pamoja kana kwamba ni jambo moja. Ismail alikuwa akiitafuta heshima ya Ulaya, na mwaka huo huo alifungua Mfereji wa Suez kwa karamu kubwa. Magazeti ya London yalishangilia.

Huku chini mambo yalikuwa mengine. Jeshi lililokuja kuwakomboa watu halikuwa na chakula cha kutosha, na Wabari, wenyeji wa Gondokoro, walipokataa kuuza ng'ombe na nafaka, Baker alivichukua kwa bunduki. Alivuka hadi Masindi akapigana na Kabalega, Mukama (mfalme) wa Bunyoro, akarudi nyuma akiuchoma mji. Patiko alipokelewa vizuri zaidi, kwa sababu kule aliwapiga watu wa Abu Saud, wakala mkubwa wa wafanyabiashara wa Khartoum, na Waacholi wa Patiko walikuwa na kisasi chao naye. Mwaka 1873 mkataba ulikwisha, Baker akaenda zake kuandika kitabu. Aliyemfuata, Charles Gordon, alipofika mwaka 1874 alimchukua Abu Saud yule yule awe msaidizi wake, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyezijua njia. Baada ya miezi michache alimfukuza. Lakini hebu fikiri: mbabe aliyetangazwa Ulaya nzima kuwa adui wa utu alirudishwa kazini kabla wino wa kitabu haujakauka.

Mgeni wa pili aliletwa na magazeti yenyewe. Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alikuwa gavana wa Equatoria, jimbo la Misri kwenye Nile ya Juu, wakati vita vya Mahdi wa Sudan vilipomkatia njia ya kwenda Khartoum. Mwaka 1886 barua zake zilifika Ulaya na kuchapishwa, umma ukapandwa na jazba: Emin aokolewe! Tajiri wa meli William Mackinnon aliongoza changizo, Misri ikatoa sehemu yake, zikapatikana kama pauni 20,000, na Henry Morton Stanley akapewa kazi. Mwaka 1887 alipita Unguja, akachukua mamia ya wapagazi, akamchukua na Tippu Tip, aliyekubali kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leo watu wanatoa macho kusikia mbabe wa kivita amepewa cheo na wale wale waliokuwa wakimlaani. Tippu Tip alitia saini Unguja, mchana kweupe.

Msafara ulipita msitu wa Ituri, na mamia ya Waunguja hawakurudi makwao. Njaa na maradhi viliwamaliza. Walipomfikia Emin, alionekana hana haja kubwa ya kuokolewa. Wakamleta pwani hata hivyo. Desemba 1889, kwenye karamu ya kumpongeza Bagamoyo, alianguka kutoka dirishani akavunjika vibaya, na alipopona akajiunga na Wajerumani akarudi bara.

Wasomaji wengi huishia hapo kwenye kichekesho cha dirisha. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni lile lililobaki nyuma. Askari wa Emin kutoka Sudan, chini ya Selim Bey, waliachwa karibu na Ziwa Albert pamoja na wake zao, watoto wao na watumwa wao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua, akawapanga katika ngome za magharibi mwa Uganda. Wakajilisha kwa kupora wanavijiji. Mwaka 1897 wakaasi dhidi ya Waingereza wenyewe. Wanubi wa Bombo ni sehemu ya uzao wao, na jeshi la kikoloni la Uganda lilianza na bunduki zao. Hivyo kampeni ya kumwokoa mtu mmoja iliacha jeshi, na jeshi hilo likawa mzizi wa serikali.

Waingereza baadaye waliwaandikisha sana jeshini vijana wa kaskazini, Waacholi wakiwa mbele, wakati kusini kulilimwa pamba na kahawa na kujengwa shule. Mgawanyo huo ulilipwa kwa damu baada ya uhuru. Idi Amin aliwaua askari wa Kiacholi na Kilango kuanzia 1971. Majenerali wa Kiacholi, Tito Okello na Bazilio Olara-Okello, walimpindua Rais Obote mwaka 1985. Januari 1986 Yoweri Museveni aliwapindua wao, na askari wao wakakimbilia kaskazini na Sudan wakihofia kisasi. Katika hofu hiyo akatokea Alice Auma, aliyesema amepagawa na roho aitwaye Lakwena. Jeshi lake, lililojipaka mafuta ya shea likiamini risasi hazitalipenya, lilitembea hadi karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa mwishoni mwa 1987. Alice alifia Kenya, katika kambi ya wakimbizi, mwaka 2007. Kijana wa Odek aliyeokota mabaki ya imani hiyo ndiye Kony.

Mwaka 1991 serikali iliwapanga wanakijiji kwa pinde na mikuki wampige. Kony aliwageukia raia akawakata midomo na masikio. Mwaka 1994 ikabaki kidogo amani ipatikane. Waziri Betty Bigombe, mwenyewe Mwacholi, alikuwa amekwenda porini kukutana naye ana kwa ana. Februari mwaka huo Museveni alitoa siku saba waasi wajisalimishe, mazungumzo yakavunjika. Khartoum, iliyokuwa na kisasi na Kampala kwa kumsaidia John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan, ilimpa Kony silaha na kambi. Tangu hapo hakuwa tena muasi wa kijijini. Oktoba 1996 watu wake waliwateka wasichana 139 katika shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mtawa wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akabembeleza, akarudi na 109. Waasi walibakiza 30. Wazazi wa Aboke walizunguka dunia wakilia mbele ya marais na Papa, na hiyo ndiyo kampeni ya kwanza ya kweli juu ya LRA; ilianzishwa na mama na baba wa pale pale, na haikuwa na fulana wala bangili.

Sasa nisimame kidogo hapa, kwa kuwa ndipo filamu ilipopita mbio. Ili kumnyima Kony watu, jeshi la Uganda liliwahamishia wanavijiji kambini, kwa nguvu, kuanzia 1996. Oktoba 2002 lilitoa saa 48: atakayekutwa nje ya kambi atahesabiwa adui. Kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wamesongamana katika vibanda vya udongo vilivyokaribia kugusana paa, bila mashamba, wakipanga foleni ya maji tangu usiku. Utafiti wa afya wa mwaka huo, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na mashirika ya kimataifa, ulikadiria vifo 1,000 kila wiki zaidi ya vile ambavyo vingetarajiwa, wengi wakiwa watoto, na vingi vikitokana na malaria na maradhi mengine. Panga za Kony zilitisha, lakini kambi ziliua kimya kimya kwa wingi usiosemeka. Na kambi zililindwa ovyo. Februari 2004, huko Barlonyo karibu na Lira, waasi waliua watu zaidi ya 300 kwa alasiri moja.

Katika miaka hiyo hiyo watoto kwa makumi ya maelfu walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala kwenye veranda za Gulu na Kitgum. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walibeba mikeka wakalala nao barabarani usiku kadhaa. Ni katika mwaka huo vijana wa Marekani walipofika na kamera zao. Walichokiona kilikuwa kweli, na hasira yao ilikuwa ya haki. Walirudi nayo kwao, wakaizungusha kwenye shule na makanisa kwa miaka, na Mei 2010 Barack Obama alitia saini sheria ya kuwanyang'anya LRA silaha. Oktoba 2011 alitangaza kupeleka washauri wa kijeshi wapatao 100.

Angalia tarehe hizo. Washauri walikuwa wamekwisha kutumwa kabla ya filamu kutoka. Na vita kaskazini mwa Uganda vilikuwa vimekwisha tangu 2006, yalipoanza mazungumzo ya amani ya Juba chini ya Riek Machar, kiongozi wa Sudan Kusini. Ndiyo maana ilipoonyeshwa filamu hiyo Lira, tarehe 13 Machi 2012, kwenye kitambaa kilichotandazwa hadharani mbele ya maelfu ya watu, walioketi kwa hamu waliinuka kwa hasira. Waliuliza kwa nini uso wa aliyewakata umewekwa kwenye fulana na mabango. Waliuliza mbona mtoto wa mzungu anasimulia zaidi kuliko wao. Mawe yakarushwa, na shirika la Uganda lililoandaa onyesho likasitisha mengine. Waziri Mkuu Amama Mbabazi naye akatoa video yake kuwaambia wageni kwamba Kony hayupo Uganda. Usiku wa Aprili 20, ambao mabango yalitakiwa kufunika miji ya dunia, miji mingi iliamka mitupu.

Lakini dosari ya kumweka Kony mahali asipokuwepo ni ndogo kuliko ile ya kufikiri kwamba hajawahi kusakwa na jeshi lenye msaada wa kigeni. Alikuwa amesakwa. Desemba 14, 2008, ndege za Uganda zilishambulia kambi yake katika hifadhi ya Garamba, Kongo. Washauri 17 wa Marekani walisaidia kupanga, na Washington ikatoa mafuta ya dola milioni 1. Hali ya hewa ilichelewesha mashambulizi, Kony akawa amekwishaondoka. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuvilinda vijiji vya jirani. Wakati wa Krismasi waasi walivamia Faradje, Doruma na vijiji vingine, watu wakiwa kwenye sherehe na ibada, wakaua zaidi ya 600 ndani ya wiki chache. Mwaka uliofuata, katikati ya Desemba 2009, waliua watu 321 katika eneo la Makombo kwa siku nne. Dunia ilipata habari kamili baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kule hapakuwa na simu.

Makombo ndiyo inayonifanya nisiwacheke sana Invisible Children. Baada ya kelele za 2012 kufifia, shirika hilo hilo lilifanya kazi isiyo na filamu: kusambaza redio za upepo katika vijiji vya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati ili kijiji kimoja kikivamiwa kingine kipate habari, kuchapisha vipeperushi vya kudondoshwa kwa ndege, na kurekodi sauti za wazazi na wapiganaji wa zamani zikiita watoto warudi. Mbinu yenyewe ilikuwa ya Waacholi. Radio Mega ya Gulu ilikuwa na kipindi cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani, ambamo waliotoroka walikuja studioni kusema kwa jina: nipo hai, sikuuawa na jeshi, mama yangu amenipokea. Na sheria ya msamaha ya mwaka 2000, iliyopiganiwa na viongozi wa dini na wa mila dhidi ya matakwa ya rais, ilifanya ahadi hiyo isiwe ya uongo. Kony alikuwa akiwaambia mateka wake kwamba nyumbani watauawa. Sauti ya shangazi redioni ilimnyang'anya silaha hiyo. Wapiganaji walipungua kwa mtiririko wa kujisalimisha zaidi kuliko kwa risasi.

Mnamo Aprili 2017 Marekani na Uganda ziliondoa majeshi yao mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Marekani ilikuwa imetumia karibu dola milioni 800, na LRA ilikadiriwa kubaki na wapiganaji wasiofika 100. Mauaji yalikuwa yamepungua sana, na hilo ni jema lisilopaswa kubezwa. Wanavijiji wa Obo, katika nchi hiyo, waliwalilia wanajeshi wabaki. Lakini aliyetangazwa hakupatikana. Kwa miaka mingi alijificha Kafia Kingi, kipande cha ardhi kinachogombewa mpakani mwa Sudan na Sudan Kusini, chini ya kivuli cha askari wa Khartoum. Watu wake walikuwa wakiua ndovu Garamba, wakibebesha mateka pembe, wakipanda nazo kaskazini hadi Darfur kuzibadilisha kwa chumvi, sukari na risasi. Mawakala wa Abu Saud wangeitambua njia hiyo wakiwa wamefumba macho.

Kampala nayo ilikuwa na hesabu zake. Kila mwaka ambao Kony alikuwa hai porini, Uganda ilikuwa mshirika wa Marekani asiyeweza kukemewa sana kuhusu uchaguzi wake, na jeshi lake lilipata mafunzo, ndege na fedha. Kama ilivyokuwa kwa Ismail, anayetumwa kukomesha uovu hupata na nchi ya kutawala.

Watanzania wana somo lao la karibu zaidi. Mwaka 2013 askari wao, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliingia Kivu katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia, wakaisaidia Kongo kulivunja kundi la waasi la M23. Kilichosaidia pia ni wafadhili kuibana Rwanda kwa kukata misaada. Shinikizo likalegea, M23 ikaibuka tena mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 ikaiteka Goma. Mbabe huanguka pale jirani anayemlisha anapobanwa, na hurudi siku jirani huyo anapoachiwa. Wanaotaka kampeni ifae kitu wangemwandika huyo jirani kwenye bango, na mhasibu wake.

Waliofikishwa mahakamani hawakuvutwa na bango. Dominic Ongwen, aliyetekwa na LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule akawa kamanda, alijitoa mwenyewe Januari 2015 baada ya kugombana na bosi wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani mwaka 2021 kwa makosa 61, ikampa miaka 25. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, alihukumiwa Gulu, na mahakama ya Uganda yenyewe, miaka 40, mwaka 2024. Kony alisomewa mashitaka 39 The Hague mnamo Septemba 2025 kiti chake kikiwa kitupu, na miezi miwili baadaye majaji waliyathibitisha yote.

Februari 2024 majaji wa ICC waliamuru waathirika wa Ongwen, wanaokadiriwa kufika 49,772, walipwe fidia: euro 750 kwa kila mmoja kama ishara, pamoja na huduma za matibabu na ushauri, jumla ikizidi euro milioni 52. Ongwen hana mali. Mzigo ukaangukia Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo, ambao haukuwa na fedha hizo na umelazimika kuziomba kwa wahisani. Hati ya ombi hilo haijatazamwa mara milioni 100.